Tumbaku katika Bibokoboko na Fizi: kutoka kiko cha wazee mpaka sigara ya moja moja

Katika vijiji vya Bibokoboko, juu ya milima inayotazama Baraka na ziwa Tanganyika, zamani tumbaku ilikuwa kitu cha wazee. Ilipandwa nyuma ya nyumba, ikaanikwa chini ya paa, ikavutwa kwa kiko ao ikanuswa jioni karibu na moto. Mama mzee alivuta sawa na muzee mwanaume, na hakuna aliyeshangaa. Leo anayeonekana na moshi mdomoni mara nyingi ni kijana mwanaume, na anachovuta hakikutoka katika shamba la nyumbani. Ni sigara ya kiwanda, iliyonunuliwa moja moja kwenye butiki, kwenye bandari ao kwenye machimbo ya zahabu.

Mabadiliko haya hayakuja kwa siku moja. Biashara, dini, vita na kukimbia makwao kumegeuza namna watu wa Fizi wanavyotumia tumbaku, na kumegeuza pia nani anaitumia. Jambo hili ni la maana kwa sababu magonjwa ya tumbaku yanachelewa. Sigara anayowasha kijana leo, hospitali itaiona baada ya miaka mingi.

Jani lililotoka ng'ambo ya bahari

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika, ambako watu wa kule waliivuta, waliitafuna na kuinusa kabla Wazungu hawajafika mwaka wa 1492. Wareno na wafanyabiashara wengine waliileta kwenye pwani za Afrika katika karne ya 16, upande wa Atlantiki na upande wa bahari ya Hindi. Kutoka pwani, mbegu ilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, ikafika ndani ya bara mbele ya Wazungu wenyewe. Hata majina yanafanana: Wareno wanasema tabaco, Waswahili tumbaku, na wanaosema Kinyamulenge, Kirundi ao Kinyarwanda wanaita itabi.

Mwaka wa 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, walikuta tumbaku imekwisha kuwa ya wenyeji. Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1860, Burton alieleza namna iliyomshangaza: mtu wa Ujiji alitembea na chungu kidogo ao kibuyu chenye tumbaku ndani, akatia maji, akakamua, akavuta yale maji kwa pua, kisha akabana pua kwa vidole ao kwa kibano kidogo ili yasitoke haraka. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, wasafiri hao walipanda mitumbwi, wakapita Ubwari, wakaenda mpaka Uvira. Ghuba iliyo kati ya Baraka na Ubwari bado inaitwa kwenye ramani Ghuba ya Burton.

Kwa hiyo, mtu akisema kwamba tumbaku ni desturi ya mababu, anasema kweli kwa kiasi. Ni desturi ya karne chache, iliyoingia kwa biashara kama vile mahindi na mihogo, vyakula ambavyo pia vilitoka Amerika.

Tumbaku ya nyumbani na masharti yake

Mmea huu unapenda udongo wenye nguvu. Mbegu yake ni ndogo sana, kama vumbi, kwa hiyo inamwagwa kwanza kwenye kitalu kidogo, kisha miche inahamishwa. Wafugaji na wakulima wa nchi za Maziwa Makuu wamezoea kuipanda karibu na nyumba, pale penye majivu na mbolea ya ngombe. Majani yakikomaa yanavunjwa kuanzia chini, yanatundikwa kivulini mpaka yageuke rangi, halafu yanasokotwa kama kamba ao yanasagwa.

Kutoka hapo njia ni nyingi. Kuna kiko cha udongo chenye mti wa kuvutia. Kuna ugoro, yaani tumbaku iliyosagwa ya kunusa. Kuna ya kutafuna ao ya kuweka chini ya mdomo. Na kuna ile ya maji ya puani, ambayo wazee wengine wa pande za ziwa na wa Burundi hawajaiacha mpaka leo.

Tumbaku hii ilikuwa na masharti yake ya kijamii. Haikuwa ya watoto. Kijana hakuweza kuwasha kiko mbele ya baba yake wala mbele ya baba mkwe. Mgeni wa heshima alikaribishwa kwa kiko kama alivyokaribishwa kwa maziwa ao kwa pombe, na wazee waliokuwa na maneno magumu ya kumaliza waliweza kuvuta pamoja kwanza, kisha wakaongea. Babembe, Banyamulenge, Bafuliru na Banyindu waliojirani katika milima hii walinunuliana tumbaku kwenye masoko kama walivyonunuliana maziwa, mihogo na samaki.

Masharti hayo hayakuifanya tumbaku kuwa salama. Sumu ilikuwemo tangu mwanzo. Lakini yaliweka mipaka: mtu alianza akiwa mkubwa, alitumia kiasi alicholima, na kiko kilihitaji muda wa kukaa chini. Ndiyo mipaka ambayo sigara ilikuja kuvunja.

Sigara inaingia

Mpaka mwisho wa karne ya 19, sigara ilisokotwa kwa mikono. Mfanyakazi hodari alitengeneza mia mbili hivi kwa saa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Mwamerika James Bonsack alitengeneza mashine iliyotoa zaidi ya 100,000 kwa siku. Bei ikashuka, na makampuni yakaanza kutafuta wavutaji dunia nzima, kwa matangazo na kwa paketi zenye rangi.

Vita Kuu mbili za dunia zilifanya kazi iliyobaki. Askari wa majeshi makubwa walipewa sigara pamoja na chakula chao, wakarudi nyumbani na mazoea. Afrika, viwanda vilifunguliwa katika nyakati za ukoloni na baada yake. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake kikubwa mwaka wa 1961. Congo, Burundi, Uganda na Kenya nazo zikawa na viwanda. Fizi iko katikati ya njia hizo: mizigo inaingia kwa barabara kutoka Uvira na Bujumbura, na kwa boti kutoka Kigoma na Kalemie.

Sigara ilileta mambo matatu mapya. Kwanza, moshi wake ni laini kuliko wa kiko, kwa hiyo mtu anaushusha mpaka ndani ya mapafu. Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, na kadiri inavyofika haraka ndivyo mtu anavyofungwa nayo haraka. Pili, haihitaji kukaa chini: dereva wa moto anavuta akingoja abiria, mvuvi anavuta akingoja mwezi ushuke. Tatu, inauzwa moja moja. Paketi nzima ingemshinda kijana asiye na feza, lakini sigara moja anaiweza, hata kama hajala.

Huyo muuzaji wa moja moja, mwenye kameza kake kadogo penye biskuti, bombo na kadi za simu, ndiye mlango mkubwa wa tumbaku kwa vijana leo. Mtoto aliyetumwa kununulia mjomba sigara anajua bei yake kabla ya kujua ladha yake. Na kwa sababu hanunui paketi, haoni hata onyo lililoandikwa juu yake.

Kanisa, msikiti na kiko kilichozimwa

Wakati sigara ilikuwa inapanda kwa vijana, kiko kilikuwa kinazimika kwa wazee. Sababu kubwa ni dini. Wamisionari wa kipentekoste kutoka Sweden na Norway walifika Kivu ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kutoka kazi yao yalizaliwa makanisa yanayojulikana leo kama CEPAC na CELPA. Wametodisti Huru nao walieneza kazi yao katika Fizi na kwenye nyanda za juu, na hospitali ya Nundu ni moja ya matunda yao. Makanisa haya yalifundisha kwamba mkristo anayebatizwa anaacha pombe na tumbaku.

Kwa familia nyingi, kuvunja kiko kulikuwa alama ya kuokoka. Mama aliyevuta miaka 30 alikiacha kiko chake nje ya kanisa na hakukirudia. Upande wa waislamu wa Baraka na wa kandokando ya ziwa, mafundisho ya kujilinda na madhara ya mwili, pamoja na mwezi wa Ramadhani unaokataza kuvuta mchana, yamewasaidia watu wengine kupunguza ao kuacha kabisa.

Lakini katazo la dini lina upande wa pili. Mahali ambako kuvuta ni dhambi ya aibu, wengine wanaendelea kwa kujificha. Bibi ananusa ugoro ndani ya chumba chake. Kijana wa kwaya anavuta nyuma ya soko, kisha anatafuna bombo ili harufu itoke. Mtu wa namna hiyo hamwambii munganga ukweli, na mama mwenye mimba anayenusa ugoro hatamwambia mkunga kama anaogopa habari itafika kwa mchungaji. Kituo cha afya kinamhesabu kuwa hatumii tumbaku, na ushauri haumfikii.

Vita, kukimbia na machimbo

Fizi imejua vita kwa vizazi vingi. Maasi ya mwaka wa 1964 yalipita huku. Mwaka wa 1965, kuanzia Aprili mpaka Novemba, Che Guevara alikuwa katika milima hii pamoja na Wacuba wenzake, wakitokea Kigoma kwa njia ya ziwa. Yeye mwenyewe alikuwa munganga, alikuwa na ugonjwa wa pumu, na bado alikuwa mvutaji. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata, kisha mapigano ya miaka hii ambayo yamefukuza watu wa Bibokoboko kutoka vijiji vyao. Mwezi wa Oktoba 2021, familia nyingi zilishuka Baraka na kandokando yake zikiwa hazina kitu.

Dunia nzima, vita na tumbaku vinatembea pamoja, na sababu zinaeleweka. Nikotini inatuliza njaa kwa muda mfupi, na inampa mtu hisia ya utulivu katika hofu. Kijana anayelinda usiku kwenye baridi ya mlima, awe na kundi gani ao jeshi gani, anaambiwa na wenzake, "Vuta kidogo, baridi itatoka." Baridi haitoki. Nikotini inabana mishipa ya damu ya mikono na miguu, kwa hiyo ngozi yake inazidi kuwa baridi. Kinachotoka ni wasiwasi wa kukosa nikotini, ambao sigara ya jana ndiyo iliuleta.

Kukimbia makwao nako kunabadilisha tumbaku yenyewe. Aliyeacha shamba lake mlimani ameacha pia tumbaku yake ya nyuma ya nyumba. Katika maisha ya kuhifadhiwa na jamaa ao ya kambini hakuna shamba, hakuna mbolea ya ngombe, na wazee hawana tena sauti ile ile juu ya vijana. Kinachopatikana ni sigara ya butiki. Feza ndogo iliyopatikana kwa kubeba mizigo inagawanywa kati ya unga na moshi.

Machimbo ya zahabu, kama yale ya Misisi, yana hali inayofanana. Vijana wengi wa kiume wako pamoja mbali na familia, feza inaingia kwa ghafla na kutoka kwa ghafla, kazi ni ngumu na ya hatari. Pale sigara, pombe kali na bangi vinauzwa fasi moja. Na mchimbaji anayevuta anabeba mizigo miwili kwenye mapafu: vumbi la mawe na moshi.

Kuna pia waliovuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, na wengine wamepelekwa kutoka pale mpaka Marekani. Kule mtu wa Fizi anakuta paketi ya bei kali, katazo la kuvuta ndani ya nyumba nyingi za watu wote, na sheria ya mwisho wa 2019 isiyoruhusu kumwuzia tumbaku mtu ambaye hajatimiza miaka 21. Anayevuta bila kufikiri kule Baraka analazimika kufikiri kule. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mazingira yanayomzunguka.

Nani anatumia leo?

Mwaka wa 2000, mtu mzima 1 kati ya 3 duniani alitumia tumbaku. Mwaka wa 2022 alikuwa 1 kati ya 5, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Mwaka ule bado walikuwa watu karibu bilioni 1.25, na 8 kati ya 10 wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Wanaume ni wengi zaidi: mwaka wa 2020 walikuwa karibu asilimia 37 ya wanaume wote wazima, na wanawake karibu asilimia 8.

Mwaka wa 1994, Alan Lopez na wenzake walieleza kwamba tumbaku inapita kwenye nchi kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza wanaume wanaanza kuvuta sigara, wanawake ni wachache, na vifo havijaonekana. Katika ya pili wanaume wanafika nusu ao zaidi, na wanawake wanaanza kufuata. Katika ya tatu wanaume wanapungua, lakini vifo vinapanda, maana wale walioanza zamani sasa wamezeeka. Katika ya nne wote wanapungua, na vifo vya wanaume vinashuka polepole. Kati ya kupanda kwa uvutaji na kupanda kwa vifo kuna miaka 30 mpaka 40.

Marekani imepita safari hiyo yote. Mwaka wa 1964 serikali yake ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu. Mwaka wa 1965 watu wazima wapatao asilimia 42 walikuwa wanavuta. Mwaka wa 2022 walikuwa karibu 1 kati ya 9. Nchi nyingi za Afrika, pamoja na Congo, ziko mwanzoni mwa njia. Hiyo ni habari mbaya na habari njema kwa pamoja: makampuni yanaona soko la vijana linalokua, lakini nchi bado inaweza kusimama kabla ya kulipa bei yote.

Hapa kwetu kuna jambo moja ambalo hatua hizo nne hazikulieleza. Wanawake wa Fizi hawakungoja wanaume wawafundishe. Bibi zao walikuwa na kiko na ugoro tangu zamani. Kwa hiyo katika familia moja mistari miwili inapishana: tumbaku ya bibi inashuka, sigara ya mjukuu wa kiume inapanda. Anayehesabu kwa haraka anaweza kukosa mstari wa kwanza. Uchunguzi mkubwa wa afya unaoitwa EDS, uliofanyika Congo mwaka wa 2007, 2013-2014 na 2023-2024, unauliza wanawake wenye miaka 15 mpaka 49. Bibi wa miaka 65 mwenye ugoro wake hamo. Na anayeulizwa tu, "Unavuta sigara?" atajibu hapana, na atakuwa hakusema uongo.

Ndiyo maana wahudumu wa afya wanashauriwa kuuliza kwa upana: "Unatumia tumbaku yoyote, ya kuvuta, ya kunusa, ya kutafuna ao ya maji?"

Tumbaku inafanya nini mwilini

Moshi wa tumbaku una maelfu ya vitu, na makumi kati yavyo vinaleta kansa. OMS inahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe: walivuta moshi wa wengine. Mapafu, moyo na ubongo ndivyo vinavyoumia zaidi.

Kwa watu wa Fizi, mambo matano yanafaa kukumbukwa.

Kifua kikuu. Mvutaji ana hatari karibu mara mbili ya kuugua TB kuliko asiyevuta, na anayeendelea kuvuta akiwa kwenye dawa anaweza kupona kwa shida ao kurudiwa na ugonjwa. Katika nyumba zenye watu wengi, mmoja akiugua, wote wako hatarini.

Mimba. Nikotini inapita kwenye damu ya mama mpaka kwa mtoto. Kuvuta wakati wa mimba kunaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kilo chache ao kuzaliwa amekufa. Ugoro nao una nikotini. "Ninanusa tu" si ulinzi.

Mdomo na koo. Tumbaku ya kutafuna na ya kuweka mdomoni inaleta kansa ya mdomo. Kidonda cha mdomoni kisichopona baada ya wiki mbili kinahitaji kuonwa na munganga.

Nyumba. Katika nyumba za mlimani, moto unawashwa ndani kwa sababu ya baridi. Moshi wa kuni tayari unaumiza mapafu ya mama na watoto. Moshi wa tumbaku unaongezeka juu yake.

Shamba. Anayevuna majani mabichi yenye umande ao mvua anaweza kupata sumu ya nikotini kwa njia ya ngozi: kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma, mwili kulegea. Watu wengine wanafikiri ni malaria. Kuvuna majani yakiwa makavu, kuvaa nguo za mikono mirefu na kunawa kwa sabuni kunapunguza hatari. Watoto na wanawake wenye mimba wasipewe kazi hiyo.

Sheria zinasema nini

Mkataba wa OMS juu ya kupambana na tumbaku ulikubaliwa tarehe 21 Mei 2003 na ukaanza kazi tarehe 27 Februari 2005. Congo iliuridhia mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 2005, kama Rwanda. Burundi ikafuata mwezi wa Novemba. Mkataba unaomba nchi kupandisha kodi, kulinda watu na moshi wa wengine, kuweka maonyo kwenye paketi, kukataza matangazo na kuzuia watoto wasiuziwe. Unagusa pia jambo la butiki zetu: unaomba nchi zijitahidi kukataza sigara za moja moja, kwa sababu zinaifanya tumbaku kuwa rahisi kwa watoto. Na kwa wakulima, unasema wasaidiwe kupata mazao mengine.

Ndani ya nchi, Sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu ina vifungu kuhusu tumbaku, pamoja na katazo la kuvuta katika fasi za watu wote. Majirani wamekwenda kila mmoja kwa mwendo wake. Kenya ilitunga sheria yake ya tumbaku mwaka wa 2007, Rwanda mwaka wa 2013. Uganda, mwaka wa 2015, ilikataza kumwuzia tumbaku mtu ambaye hajafika miaka 21. Shisha, iliyokuwa inavuta vijana wa kike na wa kiume wa mijini, ilikatazwa Tanzania mwaka wa 2016, na Kenya na Rwanda mwaka wa 2017.

Kodi ndiyo silaha yenye nguvu zaidi, maana kijana ni wa kwanza kuhisi bei. Katika nchi zenye mapato madogo, bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi yanashuka kwa asilimia 5 hivi. Lakini kwenye mipaka kama ya kwetu, ambako mzigo unaweza kushushwa usiku kwenye ufuko wowote, kodi bila ulinzi inasukuma biashara kwenye magendo.

Sheria ya Kinshasa inachukua muda kufika Bibokoboko. Kuna maamuzi ambayo hayangoji: shule kukubaliana na wenye butiki wa karibu wasiuzie watoto, familia kuacha kumtuma mtoto sigara, kanisa na msikiti kukataza moshi kwenye kilio na kwenye arusi, wenye boti kukataza kuvuta kati ya abiria na bidoni za mafuta.

Kuacha kunawezekana

Wengi wanaoacha wanajaribu zaidi ya mara moja. Siku tatu za kwanza ni ngumu, wiki ya kwanza inachosha, na hamu inapungua katika wiki mbili mpaka nne. Hasira, kukosa usingizi na njaa ni dalili kwamba mwili unatoka katika kifungo. Si ugonjwa mpya.

Wanaofanikiwa mara nyingi wanafanya mambo rahisi. Wanachagua siku na kuitangaza kwa mtu wanayemheshimu. Wanatupa kibiriti na sigara zilizobaki. Wanajua saa yao ya hatari, kwa mfano baada ya chakula ao wakati wa pombe, na wanaweka kitu kingine pale: maji, muwa, kutembea. Hamu ikija, wanangoja dakika tano bila kuwasha, na mara nyingi inapita. Kwa bibi wa ugoro, ni vizuri familia imsaidie bila kumwaibisha.

Mwili unalipa haraka. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya saa 12, sumu ya moshi katika damu imerudi kwenye kiasi cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo ni nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu imeshuka karibu nusu.

Wazee wa Bibokoboko walikuwa na sharti moja lililo wazi: tumbaku haikuwa ya watoto. Kiko chao kimeanza kusahaulika, na hakuna hasara katika hilo. Sharti lao lingefaa kubaki. Mtu anayefika miaka 25 bila kuonja tumbaku ana bahati kubwa ya kutoianza kabisa, na kijana wa miaka 15 aliye leo Baraka, Misisi ao mlimani yuko hasa katika miaka ile ambayo jambo hili linaamuliwa.